Umri wa Mama na Ubora wa Yai: Somo Nililopata Katika Gunia la Kunde

Na Mwanafunzi wa Zamani

Bwana Mhariri ametutaka sisi tuliokwisha kumaliza masomo tuwaandikie wadogo zetu habari za kazi zetu, ziwe za kuwafaa wala si za majivuno. Mimi ni karani wa ghala katika Bandari ya Bujumbura. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka, na hesabu ya magunia si habari ya kumpendeza mtu. Lakini katika magunia hayo hayo nilijifunza jambo moja la elimu ya viumbe ambalo sikulijua nilipokuwa darasani, na kwa kutolijua nilimtia shangazi yangu hasara. Basi nitalieleza kama lilivyotokea, kisha nitaeleza sababu yake, ili kila asomaye apate faida bila kulipa karo ile aliyolipa shangazi.

Kwa wale wasioijua bandari yetu, iko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Zamani mji huu uliitwa Usumbura. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 ukaitwa Bujumbura. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa makao makuu ya siasa, lakini bandari haihamishiki kwa amri, nayo imebaki pale pale penye maji. Mizigo yetu hutoka Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914, na Mpulungu katika nchi ya Zambia, na Kalemie na Uvira upande wa Kongo. Meli kubwa huleta saruji na sukari. Maboti ya mbao huleta chochote kile ambacho mtu amepata.

Siku moja boti ya mbao ilishusha magunia ya kunde. Shangazi yangu huuza kunde na maharage katika mtaa wa Buyenzi. Zamu yake ya kupokea fedha katika kikundi chao cha akina mama ilikuwa imefika, na kwa fedha hizo alinunua gunia moja zima. Akaniita nilitazame kabla halijapakiwa kwenye mkokoteni, kwa kuwa mimi ndimi msomi wa ukoo. Nikafungua mdomo wa gunia, nikaona vijidudu vichache vya rangi ya hudhurungi, vyenye madoa meusi mgongoni, vidogo kuliko punje ya mchele. Wengine walikuwa wakitambaa kwa uchovu, wengine wamekwisha kufa.

Nikamwambia, "Shangazi, usiwe na wasiwasi. Hawa ni wazee, wanakufa wenyewe. Tena mdudu huyu akishakuwa mkubwa hali kunde hata kidogo."

Mnyapara wa wachukuzi, mzee aliyezeeka juu ya gati lile, alikuwa amesimama karibu. Akatikisa kichwa, akasema, "Karani, ukiona maiti uliza mirathi."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Baada ya mwezi mmoja shangazi aliniita nyumbani kwake. Gunia lilikuwa na joto kama mtu mwenye homa. Nilipotia mkono ndani ulitoka na vumbi jeupe, na karibu kila kunde niliyoitazama ilikuwa na tundu la mviringo, safi kama limetobolewa kwa msumari. Wadudu walikuwa wakitoka kwa mamia. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, wale wazee wako walikuwa na watoto wengi." Fedha ile ilikuwa ya kulipia karo ya binti yake, na muhula ule alikopa kwa jirani.

Nikamwandikia mwalimu wetu wa zamani kumwuliza kosa langu lilikuwa wapi. Alinijibu kwa mistari michache: kwamba yote niliyomwambia shangazi yalikuwa kweli, ila nilikuwa nimeuliza swali lisilofaa. Niliuliza kama wadudu watakufa. Yafaa ningeuliza walikuwa na umri gani walipotaga. Akaongeza, "Usiniulize mimi, waulize fukusi wenyewe." Nami nikafanya hivyo.

Kwanza yatupasa kumjua mdudu mwenyewe. Fukusi wa kunde, ambaye wataalamu humwita Callosobruchus maculatus, huanza kazi yake shambani, maganda yanapokauka, kisha huendelea ghalani. Jike hutaga yai moja moja na kuligandisha juu ya ngozi ya kunde kwa gundi yake mwenyewe. Yai ni dogo sana, bapa upande wa chini, nalo hung'aa kama tone la maji lililokauka. Baada ya siku chache buu huanguliwa, lakini hatoki nje hata kidogo. Hutoboa chini ya yai lenyewe, akaingia moja kwa moja ndani ya kunde, na unga anaouchimba huujaza katika ganda la yai. Kwa hiyo yai lililoanguliwa hugeuka kuwa jeupe, na lile ambalo halikuanguliwa hubaki kung'aa vile vile. Kumbuka alama hii, maana tutaihitaji.

Buu hula ndani ya kunde mpaka akue. Kisha huchonga dirisha la mviringo karibu na ngozi, akiliacha jembamba, akageuka kuwa mdudu kamili, akalisukuma dirisha na kutoka. Safari yote huchukua yapata majuma matatu au manne penye joto zuri. Akiisha kutoka hahitaji chakula wala maji. Huishi juma moja hivi, au mawili, na jike katika muda huo huweza kutaga mayai hata kukaribia 100.

Hapa ndipo penye fumbo. Mdudu asiyekula, akitaga mayai mengi namna hiyo, huyatoa katika nini? Jibu ni kwamba huyatoa katika akiba aliyoiweka alipokuwa buu ndani ya kunde. Amefungasha kila kitu tangu utotoni. Mfano wake ni boti iliyopakia shehena Kigoma: ikishang'oa nanga haiongezwi hata gunia moja, bali kila kituo hushusha kitu, na kila kituo shehena hupungua. Anayengoja kwenye gati la kwanza hupata mzigo mwema. Anayengoja kwenye gati la mwisho hupata kilichosalia.

Nilifanya jaribio langu chumbani mwangu, nalo ni rahisi hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kulifanya. Nilichagua kunde zilizokwisha kuonyesha dirisha, nikaitia kila moja katika chupa yake ndogo, ili mdudu akitoka nijue siku ya kuzaliwa kwake. Walipotoka nikamweka jike mmoja na dume mmoja pamoja katika kopo lenye kunde safi zisizo na yai. Jike hutambulikana kwa kitako chake, ambacho ni cheusi zaidi chenye mistari. Dume ni mdogo kidogo tena hafifu wa rangi. Kila siku, saa ile ile, niliwahamisha wote wawili katika kopo jipya lenye kunde mpya, na kopo la jana nikalibandika karatasi: siku ya kwanza, siku ya pili, na kuendelea, hata jike alipokufa. Nilifanya hivyo kwa jozi kadhaa, kwa sababu jike mmoja si ushahidi; huenda alikuwa mgonjwa tu.

Mambo matatu yalionekana. La kwanza, kunde za siku za mwanzo zilijaa mayai, nyingine zikiwa na mawili au matatu, na hesabu ikashuka siku kwa siku. Jike hakungoja. Alianza kutaga mara baada ya kupandwa, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikwisha kabla hajaonyesha dalili yoyote ya uzee. La pili, nilipotazama kwa lenzi baada ya juma moja na zaidi, mayai ya makopo ya mwanzo karibu yote yalikuwa meupe, yaani yameanguliwa. Katika makopo ya mwisho niliona mengi zaidi yaliyobaki yanang'aa: mayai yasiyo na mtoto. La tatu, wadudu wa makopo ya mwanzo walitoka mapema wakihesabiwa tangu siku ya kutagwa kwao. Wale wa makopo ya mwisho walichelewa.

Msinisadiki mimi tu, karani mwenye makopo na lenzi ya kusomea. Mwaka 1993 mtaalamu wa Marekani aitwaye Charles Fox alitangaza matokeo ya kazi yake juu ya fukusi huyu huyu. Yeye alikuwa na vyombo vya kupimia ukubwa wa yai, jambo ambalo mimi sikuliweza. Aliona kwamba kadiri mama anavyozidi umri ndivyo mayai yake yanavyokuwa madogo, ndivyo yanavyoshindwa kuanguliwa, na ndivyo watoto wanavyochukua muda mrefu zaidi kukua. Tena aligundua jambo lenye maana sana: jike akilishwa, au akipandwa zaidi ya mara moja, mayai yake huwa makubwa kidogo. Kupandwa kunamsaidia kwa sababu dume humpa jike, pamoja na mbegu zake, kitu fulani cha lishe. Lakini msaada huo ni mdogo ukilinganishwa na nguvu ya umri. Boti imeongezwa kapu moja njiani, haikujazwa upya.

Mtu ataweza kuuliza: kwa nini fukusi asigawe akiba yake sawasawa, mayai yote yawe ya kadiri moja? Fikirini hatari zake. Mdudu mdogo namna hii aweza kuliwa na mjusi leo, au kupondwa chini ya gunia kesho. Yai bora lililowekwa kwa ajili ya siku ya kumi ni hasara kama mama atakufa siku ya nne. Waliotoa kilicho bora mapema ndio walioacha kizazi, na hawa tunaowaona ghalani ni wajukuu wao.

Sasa turudi kwenye gunia la shangazi. Nilipofungua mdomo wa gunia bandarini niliona wazee na maiti, nikafurahi. Kumbe ile ndiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko zote. Wazee wale walikuwa wamekwisha kutaga mayai yao makubwa, yenye nguvu, yanayoanguliwa kwa haraka, nayo yalikuwa juu ya kunde mbele ya macho yangu, nami sikuyatazama kwa sababu nilikuwa nikiwatazama wenye kutembea. Waliobaki hai walikuwa na mabaki tu ya kutoa. Mirathi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Mnyapara alijua habari hii bila kitabu, kwa miaka aliyobeba magunia.

Haifai kuidharau mirathi hiyo. Tuchukue kalamu tupige hesabu ya karatasi tu. Jike mmoja akitaga mayai 80, na nusu yake yakawa majike, mwezi ujao kuna majike 40. Nao wakitaga 80 kila mmoja, mwezi unaofuata kuna wadudu 3,200. Kwa kweli wengi hufa, na kunde zenyewe huwaishia, lakini mwaona jinsi mambo yanavyokwenda. Anayechelewa mwezi mmoja amechelewa kizazi kizima.

Basi tangu siku ile kanuni yangu ghalani ni hii: sitazami kama wadudu ni wengi au wachache, wazima au wafu. Naichukua kunde mkononi, naigeuza penye mwanga, natafuta vidoa. Kidoa kinachong'aa ni yai ambalo labda bado, au limeharibika. Kidoa cheupe ni mtoto aliyekwisha kuingia ndani. Na dawa yake ni kufanya haraka. Kunde za kula zaweza kuanikwa juani zikiwa zimetandazwa safu nyembamba juu ya turubai jeusi na kufunikwa kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Joto likifika nyuzi 57 kwa saa moja, hufa mayai, mabuu na wakubwa wote pamoja. Au zaweza kutiwa, zikiwa zimekauka vizuri, katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Njia hii ilibuniwa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde hasa. Wadudu waliomo huitumia hewa yao wenyewe mpaka inawapungukia, wakaacha kula, wakafa. Ila mfuko ufungwe siku ile ile ya kununua, kabla ya mama vijana kumaliza kazi yao. Ukiufunga baada ya mwezi umefunga matundu tu.

Msomaji asije akadhani kuwa wadudu wote ni sawa na fukusi. Mimi nilidhani hivyo, na kwa mara ya pili mnyapara yule alinisahihisha bila kukusudia. Jioni moja nilimweleza jaribio langu, naye akaniambia kwamba babu yake hakukubali kujenga karibu na maji, kwa kuwa zama zake vichaka vya ufukoni vilikuwa vya mbung'o. Akauliza, "Na mbung'o je, naye huzaa hivyo hivyo?" Sikuwa na jibu, ikanibidi nikasome.

Aliyoyasema mzee yana historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia katika mwambao wa ziwa hili. Wajerumani waliotawala wakati ule walifungua kambi za matibabu mwambaoni, Usumbura ikiwemo. Wakafyeka vichaka penye fukwe na vivuko, wakawahamisha watu waliokaa karibu na maji. Dawa waliyotumia, iliyoitwa atoxyl, ilikuwa kali, na baadhi ya wagonjwa ilipofusha macho. Watu walikimbia kambi zile, wala hatuwezi kuwalaumu. Mwaka 1909 daktari Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi kando ya Ziwa Viktoria, alithibitisha kwamba vimelea vya malale hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo tangu hapo watu walijua kwamba umri wa mbung'o ni jambo kubwa: mbung'o mchanga hana hatari kama yule aliyeishi.

Lakini uzazi wake ni wa ajabu zaidi. Mbung'o hatagi. Yai moja tu hushuka katika tumbo la uzazi la mama, huanguliwa humo humo, na buu hunyonya maziwa yanayotoka katika tezi ya mama, mpaka uzito wake unakaribia uzito wa mama mwenyewe. Ndipo humzaa juu ya udongo laini kivulini, naye buu hujifukia mara moja na kugeuka kuwa kitu kigumu cheusi kama punje, akae humo yapata mwezi kabla ya kutoka na mabawa. Mama huzaa mtoto mmoja kila siku tisa au kumi hivi. Kisha hutafuta damu tena, apate kumlea anayefuata.

Mwaona tofauti? Fukusi ni boti iliyopakia mara moja. Mbung'o ni duka linaloleta mali mpya kila juma. Kwa hiyo haitupasi kutazamia kwamba mtoto wake wa kwanza ndiye atakuwa bora, na kweli sivyo. Mwaka 2021 wataalamu wa Uingereza, Jennifer Lord, Sinead English na wenzao, walitangaza habari za mbung'o waliowafuga na kuwapima watoto wao kwa mizani. Uzito wa watoto ulipanda kwanza kadiri mama alivyoongezeka umri, ukafika kilele, kisha ukashuka mama alipozeeka. Ukichorwa kwenye karatasi wafanana na mlima wenye miteremko miwili. Mama waliopunguziwa chakula waliharibu mimba mara nyingi zaidi, na watoto wao waliokuwa hai walikufa upesi walipokosa chakula. Tena kuna jambo ambalo wengi wangeliotea vibaya: njaa hiyo haikumfanya mama azeeke upesi zaidi katika uzazi. Ilimpunguzia kila mtoto haki yake, lakini mteremko wa uzee ulibaki vile vile. Njaa na umri ni mambo mawili, wala moja halikuliharakisha jingine.

Ajuaje mtu umri wa mbung'o aliyemnasa porini, ambaye hakuandikwa siku ya kuzaliwa? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu aitwaye D. S. Saunders alieleza namna ya kumpasua jike na kusoma vifuko vyake vya mayai. Viko vinne, navyo hutoa mayai kwa zamu isiyobadilika, na kila kimoja kikiisha kutoa yai huacha alama. Mwenye ujuzi akitazama alama hizo hujua mama amekwisha kutoa mayai mangapi, na kwa kuwa muda wa kila mimba wajulikana, hukadiria siku zake. Ni kama karani anayejua safari za boti kwa kutazama mihuri katika kitabu chake.

Na faida ya elimu hii ni kubwa. Kwa kuwa mama mbung'o huzaa mmoja mmoja, tena mtoto wake wa kwanza huchukua zaidi ya majuma mawili, jamii yake haiwezi kujaza pengo kwa haraka. Mahesabu ya wataalamu yaonyesha kwamba ukiua kila siku kiasi cha asilimia 4 tu ya majike, juu ya wale wanaokufa wenyewe, jamii nzima hupungua hata ikaisha, ikiwa hawaingii wengine kutoka nje. Katika kisiwa cha Unguja, kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o walimalizwa kwa kumwaga kutoka angani madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, baada ya kwanza kuwapunguza kwa mitego na dawa. Jike aliyepandwa na dume tasa alikuwa amepoteza uzazi wake, maana kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Ukijaribu kuua asilimia 4 ya fukusi kwa siku, fukusi watakucheka. Wao wamekwisha kutaga.

Basi jibu nililompelekea mnyapara lilikuwa hili: "Hapana, Mzee. Fukusi huwapa watoto wa kwanza vilivyo bora, na wa mwisho makombo. Mbung'o mtoto wake wa kwanza si mzito kama wa katikati. Wa katikati hushiba, na wa uzeeni hupungukiwa." Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe kila mmoja hutoa alichonacho siku ile." Nimesoma mengi juu ya habari hii, wala sijaona mahali ilipoelezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Ubora wa yai ni hesabu ya kile alichonacho mama siku ya kulitoa: alichokusanya, alichokwisha kutumia, na anachoweza kuongeza. Umri huingia kwa sababu hubadilisha hesabu hiyo, na kwa kila mdudu huibadilisha kwa njia yake.

Neno la tahadhari kwa wadogo zangu. Mkisha kusoma haya msiende kuwapimia dada zenu na mama zenu, mkasema mzaliwa wa kwanza ana akili kuliko kitinda mimba. Mimi ni kitinda mimba, nami sitakubali! Binadamu si fukusi. Mtu hula kila siku, hulelewa na ukoo mzima. Kanuni ya mdudu ipimwe kwa mdudu, tena kwa mdudu yule yule.

Lakini jaribio la makopo lifanyeni. Halihitaji maabara wala fedha: kunde, makopo, karatasi, na subira ya majuma matano. Hesabuni mayai meupe na yanayong'aa katika kila kopo, andikeni siku ya kutagwa na siku ya kutoka, kisha chora mstari wenu mtazame unapanda au unashuka. Mkilisha majike wengine maji ya sukari na wengine msiwape kitu, mtakuwa na swali la pili la kujibu. Matokeo yapelekeeni gazeti hili, hata yakipingana na yangu. Yakipingana ndiyo nitayasoma kwanza.

Shangazi naye amekuwa mtaalamu kuliko sote. Muhula uliofuata alinunua gunia jingine kwa fedha ya mkopo. Safari hii hakuniita. Alichota kunde kiganjani pale pale gatini, akazigeuza penye jua moja moja, huku mwenye mali akimtazama kwa mshangao, akamwambia, "Baba, hizi zina vidoa vyeupe. Nipunguzie bei, au nionyeshe nyingine." Akaonyeshwa nyingine. Jioni ile ile zilikuwa ndani ya mfuko wa tabaka tatu, mdomo umesokotwa na kufungwa kwa kamba mara mbili. Kunde hizo zilikaa mpaka bei ilipopanda, na deni la jirani likalipwa.